Mgambo wa Dirishani

Paskazia, mke wangu, aliniachia mmea mmoja wa ndani, unafanana na dungusi: umesimama wima, miiba pande zote. Alimwita Mgambo, maana alilinda dirisha akiwa na silaha zake. Mimi huongeza kwamba ndiye mgambo pekee hapa Nyakato asiyeomba soda.

Msiba ulipokwisha, shemeji yangu Ng'washi alitaka kumchukua ampeleke kwake Mkolani.

"Wewe hata kuku walikushinda," akasema.

"Huyu haondoki. Akinyauka nitakuita umchukue."

"Hutaniita. Nitakuja mwenyewe kuangalia."

Akaja kweli. Akambonyeza Mgambo shinani. Kidole kikazama kama kwenye papai lililoiva.

"Shemeji! Umemfanya nini?"

"Waulize wakubwa wa maji. Wanafunga bomba wiki nzima, na ziwa lile pale tunaliona! Wakifungua najaza ndoo, masufuria, birika, na yeye namjaza. Nani anajua watafungua tena lini?"

"Kwa hiyo ni mkurugenzi aliyeingia humu na jagi?"

Dirisha lile bila Mgambo lingebaki tundu tu, na Paskazia angekuwa ameniondokea mara ya pili.

Ng'washi akalainika kidogo. "Boma la ng'ombe la baba, nani alilizungushia ua wa minyaa?"

"Mimi. Si nilikuwa namposa dada yako?"

"Uliimwagilia?"

"Nani anamwagilia minyaa? Unakata vijiti, unavilaza kivulini maziwa yake yakauke, ndipo unachomeka..." Nikamgeukia Mgambo.

"Na huyu ana maziwa," akasema, akinipa kisu.

Nikamkata juu, palipokuwa bado pagumu. Nikamlaza kabatini mpaka kidonda kikauke, kisha nikamchomeka kwenye kopo lililotobolewa, mchanga mwingi, maji kidogo sana.

"Akioza tena namchukua hata kama ni maiti," Ng'washi akaniaga.

Aliporudi, Mgambo alikuwa na kichipukizi kibichi, vimiiba vyake laini kama ndevu za mbuzi. Ng'washi akamvuta taratibu. Hakung'oka.

"Haya, shemeji. Baki naye."

Papo hapo bomba likakoroma, wakubwa wametukumbuka! Tukakimbizana na ndoo, masufuria, birika, mpaka kila chombo kikajaa. Nikabaki nimesimama karibu na dirisha, jagi limefurika mkononi. Ng'washi akanikodolea macho.

Nikalinywa lote.