Raba za Ochola

Jumatatu alasiri Ajwang alifika kwa dobi wa Mountain View na blanketi, mto na raba za mumewe. Nasimiyu, anayeendesha mashine, alizitoa raba kamba, akazigonganisha soli mlangoni kuondoa mchanga, akazitia ndani ya foronya na kupiga fundo. Akaongeza taulo kuukuu ili zisigonge.

"Za Ochola hizi?"

"Zake. Alizivua kwa geti ya mjengo akavaa gambuti. Msimamizi wao, Mbuthia, ndiye aliniletea. Anasema Ochola ametorokea kwa mwanamke."

"Na gambuti?"

"Na gambuti."

"Basi huyo mwanamke ana shamba la mpunga, dada."

Ajwang alicheka kidogo, akaacha. Wakwe zake huko Siaya walikuwa wamemwamini Mbuthia. Kwao, mtu akifa na mwili usipatikane, huzikwa tunda refu la mti wa yago mahali pake, watu wakalia na kumtaja vizuri. Aliyetoroka hazikiwi kitu.

Mashine ilizunguka. Maji yalitoka ya kijivu, mazito, yakaganda kwenye bomba. Nasimiyu aliyachokoa kwa kisu, akaona ni saruji. Akafua tena bila sabuni, na saruji ikatoka tena. Kisha raba zikatulia ndani ya foronya, na Ochola akasema kutoka kwenye mashine, kwa sauti ya mtu mwenye kokoto mdomoni, kwamba yuko ndani ya nguzo ya chini kabisa, karibu na lifti, na kwamba blanketi lisianikwe juani, linapauka.

"Hilo blanketi amelisumbukia tangu tulinunue," Ajwang alisema.

Kesho yake alienda mjengoni, katikati ya jiji. Mbuthia alimsikiliza mpaka mwisho, akampeleka chini, akaigonga nguzo kwa funguo. Ochola akagonga kutoka ndani. Mbuthia akarudia, kuhakikisha.

"Ni yeye," alisema. "Hata siku ile nilijua. Zege lilikuwa linamwagwa, na ukisimamisha linaharibika. Lakini mama, nguzo hii imebeba ghorofa zote, na ofisi zimeshauzwa."

"Sijasema uivunje. Wapigie wazee wa Siaya simu, waambie amekufa."

"Nikisema amekufa, wataniuliza yuko wapi."

Ajwang alilifungua blanketi, bado lina harufu ya sabuni, akaizungushia nguzo na kuzikunja ncha ndani, jinsi anavyofunikwa mtu aliyelala. Jioni askari wa jengo alilitoa, kwa sababu lilifunika namba ya kuegeshea gari. Alilikunja vizuri, akamwekea getini.

Siku hizi jengo limefunguliwa. Huko Siaya hawajazika kitu. Wanasema Ochola akichoka na huyo mwanamke atarudi. Ajwang bado huleta vitu vya Ochola kwa dobi, na maji bado hutoka ya kijivu. Nasimiyu huchokoa bomba, kisha hulianika blanketi kivulini.