Vituta Viwili

Ubao ulitoka upande wa pili wa mashine ya randa ukiwa na vituta viwili. Vilikuwa vyembamba kama uzi, vimenyooka kutoka ncha hadi ncha, na jicho lisingeviona kama kidole gumba cha Ardis kisingepita juu yake. Akazima mashine. Akavua miwani ya kazi, akapitisha kidole tena, polepole, akiomba kiwe kimekosea. Hakikuwa kimekosea. Akaingiza ubao wa pili, na wa tatu, na kila mmoja ukatoka na vituta vilevile, mahali palepale.

Mwenye randa ya umeme haambiwi maana ya jambo hilo. Visu vimegonga chuma, vimepata mapengo, na pale penye pengo ubao hauliwi, unabaki umeinuka. Msumari. Lakini msumari wa wapi? Hizi zilikuwa mbao za mjozi uliosimama uani kwa mama yake, mti ambao kokwa zake zilimtia Ardis vidole weusi kila vuli alipokuwa mtoto. Upepo uliuangusha, jirani mwenye mashine akaupasua, na mbao zikakaa kwa Ardis miaka mitatu zikikauka. Mama akafa kabla hazijakauka. Zilitosha meza moja tu, meza ya kulia ya ukoo mzima, na Sikukuu ya Shukrani ya Novemba haikuwa mbali. Zikiharibika hizi, hakuna mti mwingine.

Karakana yake ilikuwa gereji ya nyumba, katika mji mdogo wa Wisconsin ambako magari yao yalilala nje kwenye theluji ili mashine zilale ndani. Ardis aliijaza kidogo kidogo, miaka yote aliyopika katika jiko la shule. Alianza na drili ya betri, siku alipochoka kumsubiri mumewe atundike rafu. Ikafuata misumeno, mmoja baada ya mwingine, kisha mashine ya kunyonya vumbi, na mwisho randa, ambayo alikuwa ameitamani muda mrefu kuliko alivyowahi kutamani nguo. Mumewe Orrin, mtu mpole aliyestaafu posta, katika gereji ile alijua kuwasha taa. Basi. Lakini wageni wanaume walipoingia, ni Orrin waliyemwuliza nguvu ya mota na mahali pa kunolea visu, na Orrin alijibu, "Tumeridhika nayo." Hata muuza duka, siku ya kununua randa, alimweleza Orrin kila kitu huku Ardis amesimama katikati yao ameshika mkoba. Ardis alinyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza kiasi kwamba hakujua tena kama ni upole au ni uvivu.

Randa ile iliteremshwa garini na Orrin na mdogo wake, Duane. Kuanzia siku hiyo Duane aliiita "randa yetu".

Jioni ile Ardis alimweleza mumewe habari ya vituta. Orrin akasema labda visu vimechoka tu. Ardis akamwambia kisu kilichochoka hukwangua, hakipati pengo. Orrin akairudia televisheni yake. Basi Ardis akajitilia shaka mwenyewe. Alikumbuka kulabu ya kamba ya nguo ambayo mama alikuwa ameipigilia kwenye shina. Aliing'oa kwa mikono yake kabla mti haujapasuliwa, lakini huenda kipande kilibaki. Akapitisha kifaa cha kunusa chuma juu ya kila ubao, pande zote. Kimya. Akarudia. Kimya. Hakuthubutu kuingiza ubao mwingine, kwa hofu kwamba chuma bado kimejificha humo.

Ijumaa walikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa, kama kila Ijumaa, pamoja na Duane na mkewe LaVonne. Ardis, kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akataja yaliyompata. Duane akacheka mpaka bia ikamwagika.

"Shemeji, randa si oveni ya shule," akasema. "Hutumbukizi tu ukangoja iive. Unakagua misumari kwanza."

Meza ya jirani ikacheka pia. Duane akanogewa. Akamfundisha Ardis kazi ya randa kwa muda wote wa kumaliza sahani, akionyesha kwa uma, na mwisho akamkumbusha kwamba ile mashine ni ya wote, aitunze. Na Ardis, Mungu wangu, akaomba radhi. Alisema ni kweli, pengine ni yeye, atakuwa mwangalifu zaidi. Orrin alikuwa papo hapo ubavuni mwake, anamkamulia samaki wake limau.

Siku chache baadaye LaVonne alimpigia simu aende kuchukua soseji. Duane alikuwa ameua kulungu kwa upinde, na friji yao imejaa. LaVonne hakuwa na hila hata kidogo. Alimteremsha Ardis hadi chumba cha chini ya nyumba amwonyeshe kaunta ya vinywaji ambayo Duane aliitengeneza mwezi wa tisa, kwa mbao za banda la ng'ombe lililobomolewa kwa baba yake. Alijivuna nayo, maskini. Ardis akasema ni nzuri, akaweka mkono juu yake kama mtu wa fani awekavyo, bila kufikiri.

Kidole kikasimama.

Vilikuwa viwili. Aliweka kidole gumba juu ya kimoja na cha shahada juu ya cha pili, na nafasi ilikuwa ileile aliyoishika nyumbani kwa wiki nzima. Karibu na ncha ya ubao, ndani ya doa jeusi la kutu, msumari wa kale ulikuwa unang'aa mahali ulipokatwa. Duane hakujisumbua hata kuufukia. Ardis alichukua soseji, akashukuru, akaaga. Kumbe alifundishwa kazi na mtu aliyemvunjia visu, mbele ya watu, naye akaomba radhi!

Alimkuta Orrin jikoni. Hakuvua koti.

"Nilipokuwa kwa dada yangu mwezi wa tisa, nani aliingia karakanani kwangu?"

Orrin hakujifanya haelewi. Ndugu yake alikuja Jumamosi moja, akasema, na mbao zake. Angemfukuzaje? Mashine ni za nyumba. Wala hakujua kama kuna kilichoharibika mpaka Ardis aliposema, na kufikia hapo jambo lilikuwa limekwisha pita.

"Sikuulizi habari ya visu," Ardis akasema. "Visu vinanunuliwa. Ulinisikia nikiomba radhi, Orrin. Ulijua, na ulikaa ukala samaki."

"Ulitaka nimwaibishe ndugu yangu mbele za watu?"

"Ukaona afadhali mimi."

Ardis alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu ujana, hasira ya kutaka kupasua vyombo, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba uso wa mumewe haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri mvua ikatike. Miaka yote hiyo Orrin alikuwa akimsubiri yeye akatike. Akatoka, akaenda gerejini, akafunga mlango.

Humo ndani alikaa juu ya ndoo mpaka pumzi ikatulia. Kisha jambo moja likamjia. Mti wa mama haukuwa na chuma. Haukuwahi kuwa nacho. Aliinuka, akafungua kifuniko cha randa, akasogeza kisu kimoja pembeni kiasi cha unene wa kucha, ili mapengo yasifuatane tena. Ni hila ndogo ambayo kila mtu wa randa anaijua. Akaingiza ubao mpya, nao ukatoka bila kituta, laini, na rangi yake ya kahawa ikafunguka yote. Akaigeukia na ile mitatu ya mwanzo. Miwili akairudisha, ikasafishika. Wa tatu akaushika muda mrefu, kisha akauegemeza ukutani, hivyohivyo ulivyo.

Siku ya kuunganisha, Orrin alikuja mlangoni akauliza kama anaweza kusaidia. Ardis akamwambia ashike ncha ile. Orrin akaushika ubao wa pembeni, na kidole chake kikapita juu.

"Huu bado," akasema.

"Huo umekwisha."

Orrin akamtazama, akautazama ubao, akashika ncha kama alivyoambiwa.

Sikukuu ilipofika walikaa wote kwenye meza ya mjozi, bata mzinga katikati, viazi vya kuponda, mchuzi, mkate wa moto. Ardis ndiye aliyepanga nani akae wapi, na hakutandika kitambaa. Duane alipokea kiti chake kwa furaha. Aliwaeleza watoto wa LaVonne wa ndoa ya kwanza, waliokuja kutoka mbali, jinsi kazi kama hii isivyowezekana bila vyombo vya maana, na kwamba randa yetu ndiyo imefanya haya. Alipokuwa akisema, mkono wake ulikuwa ukipapasa ukingo wa meza, karibu na sahani yake.

Hakuimalizia sentensi. Kidole kilikwenda mbele, kikarudi. Alimtazama Orrin, na Orrin alikuwa anakata nyama yake vipande vidogo sana.

Ardis alikuwa amedhani saa hiyo hasira itamtoka. Haikumtoka. Ilikaa naye pale mezani, na alishangaa kuona kwamba haikumzuia kula.

LaVonne, upande wake, alikuwa anapitisha kiganja juu ya mbao na kutikisa kichwa kwa mshangao. "Tazama ulaini huu," akasema. "Duane, hebu gusa."

"Nimegusa," akasema Duane.

Ardis akampitishia mchuzi.