Mashine ya Kufungwa kwa Simiti

“Na ukihama, Rebeccah, hiyo mashine utaibeba na nini?”

Jirani yangu Cheptoo aliniuliza hivyo tukichuma chai, kila mtu upande wake wa mpaka. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba natafuta mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku fundi akiuchonga kwa patasi, na kwamba safari hii nataka kubwa, ya chuma kizito. Kuhama sikuwa nimekutaja.

“Nihame niende wapi?”

Akajishughulisha na kikapu chake. “Mimi nilisikia tu. Kwamba utaenda kukaa na Chepngetich.”

Chepngetich ni binti yangu, ameolewa Mogogosiek. Sikumuuliza Cheptoo amesikia kwa nani. Mtu wa kusema maneno hayo alikuwa mmoja, Kipkemboi, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu.

Mume wangu, Kimeli, aliniachia karakana hapa Sosiot, kando ya barabara, na shamba la chai nyuma yake. Jengo lilikuwa la posho mili zamani, la kusaga mahindi, kwa hivyo lina ile stima ya nguvu ya kuendesha mashine kubwa. Ndani kuna mashine ndogo aliyoitumia kukereza miguu ya viti na vifimbo vya chapati. Mungu hakunipa mtoto wa kiume. Tangu mazishi, Kipkemboi hupitia karakanani jioni, anatembea kutoka ukuta huu hadi ule, anasema kijana wake angefungua hapo duka zuri la vipuri vya pikipiki. Anasema akicheka. Mimi pia hucheka, lakini nasikia.

Kazi ya mashine kubwa ilikuwepo. Kanisa letu lilikuwa limekata miti miwili ya muringa iliyoanza kuegemea paa, na wazee wakaamua itoke nguzo moja nene ya kushika meza ya Bwana, pamoja na sahani pana za sadaka. Walinipa mimi kazi hiyo. Fundi wangu ni Phelix Ogada, ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya kiwanda cha chai, naye akazaliwa hapa hapa. Alifunga gogo kwenye mashine yetu, akalizungusha kwa mkono. Likagonga kitanda cha mashine, kile chuma kirefu cha chini, likakwama.

“Mama, hii ni ya miguu ya viti,” akasema. “Nikilazimisha, siku moja gogo litanirukia usoni. Mke wangu bado ananitaka.”

Niliomba juu ya jambo hilo. Kisha nikamwambia Kipkemboi anisindikize Sotik kwa muuzaji wa mashine. Cheptoo alinishangaa, lakini nilijua ninachofanya. Kwetu mjane akinunua kitu kikubwa peke yake, watu wa upande wa mume husema kilinunuliwa kwa kificho, na kesho mtu anakuja kukidai. Nilitaka awepo na aone kwa macho yake.

Tulipokuwa tunaondoka, Kipkemboi akamkuta Ogada anapakia gogo la muringa kwenye pikapu.

“Shemeji, tunaenda kununua mashine ama kuuza kuni?”

“Wewe ule ng'ombe wako mweusi ulimnunua vipi?”

“Nilienda saa ya kukamua.”

“Na ndoo ya nani?”

“Yangu.” Akacheka. “Ndoo ya muuzaji huwezi kujua iko na nini chini.”

“Basi hii ni ndoo yangu.”

Muuzaji aliitwa Onsongo, mtu mnene mwenye maneno mengi na aproni yenye mafuta. Alituletea chai kabla hatujaomba. Mashine zilizotufaa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mpya, imepakwa rangi ya buluu, miguu ya bati lililokunjwa, na vibonyezo vinavyowaka namba. Ya pili ilikuwa kuukuu, rangi imebambuka, chuma chote cha kumiminwa, miguu yake mipana kama jiko la kupikia shule. Hiyo ilikuwa imefungwa kwenye sakafu.

Kipkemboi alienda moja kwa moja kwa ile ya buluu. Akashika upande mmoja, akauinua.

“Ona! Watu wawili wanabeba. Leo iko hapa, kesho mnaipeleka mnakotaka.”

“Ifungwe gogo,” nikasema.

Ogada alipitisha shoka kwenye kona za gogo, akalifunga, akawasha. Muringa ule ulikuwa umekaa kwenye mvua, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Mashine ikaanza kutetemeka, halafu ikasogea. Ikatoka ukutani ikielekea kwa Onsongo kama mbuzi anayefuata chumvi. Ogada akazima.

“Wekeni magunia ya mchanga kwenye miguu,” Kipkemboi akasema. “Kila fundi anajua hivyo.”

Alisema kweli. Wakaweka magunia, na ikatulia. Alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi nikamwambia amesema vizuri. Lakini nilimwuliza Ogada kuhusu sahani pana. Akachukua kipande cha bati, akakikata mviringo wenye upana wa sahani ya sadaka waliyoitaka wazee, akakishikilia pale mti unapofungwa. Ukingo wa bati ukagusa kitanda cha mashine.

“Hapo hakuna mchanga utakaosaidia,” akasema Ogada.

Tukahamia ile kuukuu. Bati lilizunguka bila kugusa kitu, na nafasi ikabaki. Ogada akahamisha mkanda wa mota ili gogo lianze kuzunguka polepole, kwa sababu gogo kubwa likianza na mbio ndipo linapoua watu. Nilikiweka kikombe changu cha chai juu ya kichwa cha mashine, pale karibu na mota. Akawasha. Muringa ukazunguka, maganda yakaruka, na chai yangu ikafanya viduara vidogo tu. Haikumwagika. Lakini ndani kulikuwa na mngurumo, kama mtu anayesaga mahindi mabovu.

“Hiyo ni beringi,” Onsongo akasema kabla sijauliza. “Sikufichi, mama. Zimechoka.”

“Zibadilishwe kabla haijapakiwa. Na Ogada awe hapa akiona.”

“Wewe mama ungekuwa polisi.”

Kipkemboi hakucheka. Alikuwa ameinama anaangalia miguu ya mashine. “Na hii inafungwaje nyumbani?”

“Unachimba sakafu, unamwaga simiti, unapanda boliti nne,” akasema Onsongo. “Ikishashika, hata wajukuu wako hawataing'oa.”

“Haiwezekani,” Kipkemboi akasema. “Mtu haziki chuma kwenye kiwanja cha wenyewe.”

Onsongo akakumbuka kuna kazi nyingine nyuma ya duka. Ogada akaanza kufagia maganda ambayo hayakuwa yake.

“Shemeji,” nikasema, “wenyewe ni nani?”

“Tutaongea nyumbani.”

“Sawa. Lakini nanunua hii, na wewe umeona.”

Nyumbani hakuja kuongea. Ogada alivunja sakafu pale katikati, akachimba mpaka akafika udongo mwekundu. Siku ya kumwaga simiti tulianza asubuhi, kabla ya mvua ya mchana. Cheptoo alikuja kusaidia kuchota maji, nami nikaomba, tukasema amina. Tulikuwa tumemwaga nusu Kipkemboi alipoingia.

Alisimama ukingoni mwa shimo. Boliti nne zilikuwa zimesimama, zimeshikwa na ubao ili zisiiname.

“Ile ya buluu ingekutosha,” akasema. “Ungekuja kuichukua wakati wowote. Hata Mogogosiek ingefika.”

“Najua.”

“Ukimaliza kumwaga hiyo, Mama Chepngetich, hutatoka hapa.”

“Ndiyo sababu nilichagua hii,” nikamwambia. “Kimeli yuko nyuma ya hiyo michai, na mimi nitalala kando yake. Karakana itaendelea. Kijana wako akitaka kujifunza kukereza, aje Jumatatu, Ogada atamwonyesha. Duka la vipuri atafute mahali pengine.”

Cheptoo alikuwa ameshika ndoo, hamwagi wala haweki chini. Kipkemboi alinitazama, akatazama boliti, akamtazama Ogada, ambaye alichota simiti nyingine kwa koleo na kuimimina. Kisha akapita kando ya shimo, taratibu, asikanyage palipo pabichi, akatoka nje.