Nusu ya Nyuma

Masele alikuwa akimvuta ng'ombe wake wa mwisho kuelekea langoni, naye ng'ombe akivuta kurudi zizini. Tangu aanze kujifunza urubani, kila saa ya angani ilimeza ng'ombe mmoja, na Buswelu nzima sasa walimwita Baba Ndege. Ilibaki saa moja tu, ile ya mtihani. Asipoifanya, zizi zima lingekuwa limeruka bure.

Mkewe, Bernadeta, akatoka na ndoo ya maziwa.

"Baba Queen, huyo unampeleka mnadani?"

"Saa moja tu, Mama Queen. Nikipata leseni nitakurusha mpaka Ukerewe."

"Ukerewe naenda kwa meli, na meli haijawahi kula ng'ombe wangu. Huyo alitoka kwenye mahari ya mwanangu. Nusu ni yangu."

Masele alifikiri, maana hakupenda kumdhulumu mtu. "Haya. Nusu ipi?"

"Ya nyuma." Akachuchumaa, akaanza kukamua.

"Basi nauza ya mbele."

"Uza. Utapata nusu saa."

"Nusu saa haitoshi," Masele akasema kwa upole. "Nusu ya kwanza ni kuruka. Kutua kuko nusu ya pili."

Bernadeta akaacha kukamua, akamtazama mumewe, kisha akatazama juu, kule angani ambako Masele angebaki.

"Mfunge kwanza," akasema. "Hilo la kutua tutaliongea kesho."

Masele akamfunga ng'ombe, lakini kwa fundo jepesi.