Upepo wa Mama Mkwe

Jana nilipolala, ndoto ilinikuta nimeshashika usukani. Nampeleka mama mkwe Nzega, kwa shemeji yangu Masele, ambako mke wangu Nyamizi alihamia tulipogombana. Nyamizi ameapa kwamba harudi kwangu mpaka mama yake mwenyewe aende kumchukua. Kwa hiyo hapo kiti cha nyuma nimebeba ndoa yangu yote.

Mama mkwe anaumwa mgongo. Mimi kwa akili zangu nimepunguza upepo kwenye matairi yote manne, ili asafiri kama yuko kitandani. Na kweli, gari linaelea. Mama mkwe kanyamaza, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nioe.

Najisifu moyoni. Kisha natupa jicho kwenye mshale wa mafuta, nauona unashuka huku nautazama. Nasimamisha gari, natoka. Matairi yote yamechomeka mirija kwenye tangi, yanakunywa.

Nikayauliza yanafanya nini.

"Umetulegeza, tunajiburuta," tairi la mbele kushoto likajibu, mrija ukiwa bado mdomoni. "Mtu akijiburuta anapata kiu. Kwa mwendo huu mafuta hayafiki Nzega."

Nikaomba radhi, nikauliza pampu iko wapi. Likanionyesha kiti cha nyuma kwa mdomo. Upepo wote wa gari hili, likasema, unatoka kwa mama mkwe. Akilalamika, matairi yanajaa. Nimewahi kukaa naye nyumba moja, kwa hiyo sikushangaa.

Nikarudi kwenye usukani, nikamwambia mama mkwe kwamba hakuna mtoto wetu hata mmoja atakayepewa jina lake.

Eee! Akaanza kunisema, akianzia siku ya harusi. Matairi yakajaa mpaka yakalia, mirija ikachomoka, gari likawa gumu kama benchi la zahanati. Kila kokoto linatudundisha. Tunadunda, tunatua katikati ya kwaya inayofanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya anatuomba tusogee upande wa besi, maana magari yote hukaa huko. Tunadunda tena, tunatua barabarani. Mgongo unamuuma mama mkwe, basi analalamika zaidi, matairi yanajaa zaidi, nasi tunadunda zaidi. Nikaona Nzega tutafika kweli, ila tutapita juu yake.

Tairi likachungulia dirishani. "Sisi tunakaribia kupasuka," likasema kwa upole. "Na mama anataka kushuka. Ameshashika kitasa."

Hapo niliogopa kwelikweli. Mama mkwe akishuka njiani, Nyamizi ndiyo basi tena.

"Mama," nikamwambia, "nakuomba. Usiache kunisema, ila niseme kwa kiasi."

Akafikiri. "Kiasi gani?"

Nikaligeukia tairi.

"Kama mtu anayelalamikia chumvi kwenye mboga," likasema.

Basi mama mkwe akalalamikia chumvi. Akasema mboga za kwangu zimepooza, akatazama mashamba ya mpunga, akakumbuka kwamba hata ugali wangu una madonge. Gari likatulia. Halijiburuti wala halidundi. Mshale wa mafuta umesimama palepale, mgongo haumuumi, na mimi, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza naufurahia ule mdomo. Ningeweza kumsikiliza mpaka Mwanza.

Tukafika kwa Masele. Mama mkwe akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja. Nami nikaamka.

Kumekucha, niko peke yangu kitandani. Roho iliniuma sana. Nikajiambia ndoto ni ndoto tu, nikajifunika tena shuka. Simu ikaita. Ni Nyamizi, ambaye hajanipigia tangu aondoke.

"Wewe mwanaume una adabu kweli?" akasema. "Unamshusha mama getini, halafu unaondoka bila hata kusalimia watu? Geuza gari. Nimeshafungasha."