Tyubu Iliyorudi kwa Mwenyewe

Pak Tukijan, fundi baiskeli wa njia panda ya Klaten, kisiwani Java, hakuwa mwizi. Hata kidogo. Alikuwa na huruma tu kwa tyubu kuukuu, akaona ni ukatili kuzitupa, basi akawa anaziuza kama mpya.

Kwa huruma hiyo, Bu Ngatinem, muuza jamu, yaani dawa ya mitishamba ya kunywa, alipasukiwa na gurudumu la nyuma kwenye mteremko wa sokoni. Chupa zake zikavunjika karibu zote, dawa ya manjano na ukwaju ikanywewa na barabara. Chupa ndizo duka lake. Bila hizo hana kazi. Alipoichomoa ile tyubu "mpya", akakuta kiraka chenye umbo la sikio. Alikijua. Ilikuwa tyubu yake mwenyewe, aliyoiacha kwa fundi mwezi uliopita.

Kesho yake alifika bandani kwa fundi akikokota baiskeli, na chupa mbili zilizopona. Wateja walikuwa tele.

"Pak, hivi ile tyubu ilikuwa mpya kweli?"

"Mpya ina sifa gani, Bu? Hujui tabia yake. Ile imeshajaribiwa, haina siri."

"Kiraka si dhambi, Pak. Ungeniambia, ningeshuka mteremkoni nikaikokota baiskeli. Wewe ulisema mpya, nami nikateremka nimekaa kama malkia."

"Basi, yaliyopita si ndwele," fundi akacheka, akiwatazama wateja wacheke naye. Wawili watatu wakacheka.

Bu Ngatinem alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Alijaza glasi kutoka chupa moja, akaishika kwa mikono miwili, akampa mbele ya watu wote. Kinywaji kinachotolewa hivyo, Mjava aliyelelewa hakikatai, labda awe anakata roho.

Fundi akanusa. "Hii ni ya leo, Bu?"

"Ya leo ina sifa gani, Pak? Hujui tabia yake. Hii imeshajaribiwa. Jana kabla sijaanguka niliipitisha kwa wateja, na kila walichobakiza nikakirudisha chupani."

Sasa banda zima lilicheka. Pak Tukijan alikunywa yote, machozi yakimlengalenga. Kisha akaangua msumarini tyubu ambayo bado ilikuwa ndani ya karatasi yake, akapiga magoti kwenye gurudumu.

Bu Ngatinem akaijaza glasi tena, akaisogeza karibu na goti lake.

"Haya, Pak," akasema kwa upole. "Sasa tuzungumze habari za chupa zangu."