Mkono Mdogo wa Mashine

Mashine ya kufunga maboksi ilikuwa na mikono miwili ya chuma. Mkubwa ulikandamiza gundi, paa! Mdogo ukafuata kwa kugusa tu, pa. Tangu mama mkwe wake azikwe, fundi hakuweza kuusikia mlio huo wa pili bila nywele kumsimama.

Maana mashine aliiunda mwenyewe kwa kumtazama yule mama akifanya kazi humo kiwandani. Hakuna aliyefunga boksi kama yeye: kofi moja la kiganja, kisha vidole viwili juu ya kifuniko, kama anayembembeleza mtoto. Fundi akaiga kila kitu, hata vile vidole, bila kuuliza ni vya nini. Mashine ilipowashwa, meneja akapunguza watu, na wa kwanza kupewa barua akawa mama mkwe. Hakumsema mkwewe vibaya hata siku moja. Aliendelea kumpakulia chakula, akifunika kila sufuria kwa mpigo wake uleule: paa, pa. Mvua zilipoanza akaugua, asiinuke tena.

"Mama mkwe wako yupo kazini, shemeji," alinong'ona Redio, mwanamke wa meza ya kupanga maboksi, aliyepewa jina hilo maana habari hailali kwake. "Kazikwa, na bado anawahi zamu kuliko sisi. Tena mshahara hataki! Meneja apewe nini tena?"

Meza nzima ikaangua kicheko, kisha ikanyamaza ghafla. Paa, pa.

Siku hiyo hiyo meneja akaja kusimama mbele ya mashine. "Huu mkono mdogo kazi yake nini?"

"Sijui, bosi."

"Hujui? Yaani humu ndani kuna kitu kinakula umeme wangu bure?"

Wakafunga maboksi kadhaa bila huo mkono, wakayajaza, wakayabwaga sakafuni. Hakuna lililofumuka.

"Basi. Kesho asubuhi nisiuone. Ukiniletea hadithi, utatoka nao."

Nyumbani, mkewe aliposikia aliacha kukunja nguo. Kila adhuhuri alimpelekea mumewe chakula kiwandani, na wote wawili walijua si chakula kinachompeleka. Alikuwa akisimama kwenye dirisha la kiwanda, akiisikiliza ile pa, ndipo usiku apate usingizi.

"Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini anagonga mara ya pili," alisema. "Akaniambia boksi linaenda mbali, lazima liagwe." Akamkazia macho. "Ulimtoa kazini, nikameza. Ukiutoa huo mkono, utakuwa umemfukuza mara ya pili. Hiyo sitameza."

Fundi akaokota nguo, akaendelea kukunja. Kazi ilikuwa ni hiyo tu, na nyumba nzima ilikula hapo. Asubuhi akafungua skrubu, akauchomoa mkono mdogo, akawasha mashine.

Paa!

Akangoja kimya kije.

Pa.

Akageuka. Kwenye meza ya kupanga, vidole vya Redio vilikuwa vimegusa ubao. Vya jirani yake pia. Vya meza nzima, na umbea ukiendelea kama kawaida, hakuna aliyejua kuwa anagonga.

Meneja akatoka ofisini mbio. "Si nilisema uutoe?"

"Nimeutoa, bosi. Huu hapa."

"Nyie kina mama! Mikono juu!"

"Kwani tumeiba nini?" Redio akauliza, lakini akainua yake. Wote wakainua. Mashine ikapiga, paa! Ukumbi mzima ukatega sikio.

Pa.

Meneja akatazama chini taratibu. Vidole vyake viwili vilikuwa vimelala juu ya ukingo wa mashine. Akavivuta kama aliyeungua, akavitia mfukoni, akarudi ofisini.

Adhuhuri mke akafika dirishani na bakuli lake. Fundi akauficha ule mkono mgongoni. Mkewe akasikiliza sana, kichwa kakiinamisha upande.

"Umeutoa," akasema.

"Nimeutoa."

"Sasa mbona bado yupo? Na mbona leo ana vidole vingi hivyo?"

Fundi akafungua mdomo amjibu. Nyuma ya mgongo, kidole chake kilikuwa kinakigonga kile chuma.